Hanang ya Reli

Reli haijawahi kufika Babati, mkoani Manyara. Ile ya upande wa kaskazini iliishia Arusha, umbali wa kilomita zipatazo 170, na huko nako ilichelewa. Wajerumani walianza kutandika njia ya Tanga mwaka 1893. Ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911, lakini Arusha ilingoja mpaka 1929, Waingereza wakiwa wameshachukua nchi. Kwa upande wa kusini, Reli ya Kati ilikwishafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Babati ikabaki katikati ya njia hizo mbili, ikipitiwa na ile barabara ndefu iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Mzigo wake ukawa wa lori.

Lakini mlima wa jirani, Hanang, ulipata kupanda reli. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, kwa ajili ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki. Karibu zote zilipewa majina ya milima ya kwetu, na namba 5910 ikaandikwa Mount Hanang. Ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na magurudumu 28. Boila lilikaa katikati, likibebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Hakuna injini ya mvuke iliyoishinda nguvu katika reli zote za upana wa meta moja duniani. Kwa uzito huo ilihitaji reli nene, ndiyo maana kazi ya injini hizo ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Hanang ya chuma haikuwahi kuiona Hanang ya mawe.

Injini za dizeli zilipoongezeka, Garratt ziliondolewa moja moja katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Kufikia 1980 zile 34 zilikuwa zimestaafu. Zilizohifadhiwa ni mbili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote zikiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Hanang haimo.

Basi anayetaka kuunda mfano wa Hanang kwa mkono, kwa kipimo cha 1 kwa 87, aende kwanza akaipime Gelai, maana zilikuwa ndugu wa kiwanda kimoja. Urefu wa meta 31.7 utakuwa sentimita 36. Upana wa reli utakuwa milimita 11.5, na reli ya mfano ya milimita 12 inatosha, hiyohiyo ambayo Waswisi hutumia kwa treni zao za milimani. Bati la kopo la maziwa, likinyooshwa na kupigwa msasa, huwa ubavu wa tangi. Waya wa shaba huwa bomba. Vichwa vya riveti hutokezwa kwa kubonyeza bati upande wa nyuma kwa ncha ya msumari. Kazi hii si ngeni kwa watoto wa Babati, kama ilivyo kwa watoto wa Tanzania nzima: gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya ndala limekuwa likiundwa bila kiwanda wala mchoro.

Ugumu unaanzia kwenye kutu. Mmarekani John Allen, aliyeanza kujenga reli yake ya mfano huko Monterey, California, mwaka 1946, alikuwa miongoni mwa waliowaonyesha wenzao kwamba mashine ndogo ikibaki inang'aa haisadikiki. Wengi waliofuata wakadhani kutu ni rangi ya kahawia ya kupaka kila mahali. Sivyo. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na hewa, na kila doa lina sababu yake. Huanzia kwenye ukingo uliokatwa, kwenye tundu la skrubu, chini ya mlango ambako maji hutuama. Kutu changa ni ya rangi ya chungwa, ile ya miaka ni nyeusi-nyeusi. Palipozoea kupata mafuta, kama kwenye vyuma vya kuzungushia magurudumu, hukaa weusi unaonata badala ya kutu. Maji ya boila yanayovuja huacha michirizi myeupe ya chokaa. Juu ni masizi, chini ni vumbi.

Fundi huyafuata hayo kwa mpangilio. Kwanza hupaka rangi ya kutu, huinyunyizia maji na kutupia chembe za chumvi hapa na pale, kisha hupaka juu yake ule wekundu uliokolea wa injini. Rangi ikikauka huisugua chumvi itoke, na kutu huchungulia palipobanduka. Udongo mwekundu wa Babati, ukichekechwa kwa kitambaa, unatosha kuwa vumbi la safari.

Aliyekwisha kujifunza hivyo hana haja ya kwenda Nairobi kutafuta mashine ya pili. Kule kwenye nyanda za Basotu, wilayani Hanang, shirika la kilimo la serikali, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970: mashamba saba, ekari zipatazo 100,000, na zana nyingi kutoka Kanada. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya wafugaji Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Msaada wa Kanada ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo anayeunda mashine ya kuvunia ngano ya mkoa huu hawezi kuipaka kutu kabla ya kujiuliza ilifanya kazi miaka mingapi, iliegeshwa lini, kwenye shamba lililokuwa la nani.

Wilaya ya Babati iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2002 mji wa Babati ukawa makao ya Mkoa mpya wa Manyara. Lami ya kwenda Dodoma ilizinduliwa 2018. Barabara nzuri imewarahisishia pia wanunuzi wa chuma chakavu, ambao hupima kwa kilo tu. Mwenye mkasi wa bati na rula awatangulie. Apime fremu ya trekta, aandike namba iliyogongwa kwenye injini, apige picha kutu ilivyotambaa, amwulize dereva aliyeiendesha. Chuma kikishauzwa, vipimo hivyo ndivyo vitakavyobaki kuwa historia yake.