DAKU LA COLITO
Sehemu ya Sita

ILIPOISHIA: Usiku wa kuamkia Jumatatu, Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito waliwaweka kizuizini maofisa wao Waingereza, kisha wakaingia Dar es Salaam. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Siku tano sikumtia machoni. Leo, Jumamosi kabla ya alfajiri, ninapasha daku hapa Msasani, mara nikasikia kikohozi chake ukutani. SASA ENDELEA...

Aliingia ameinama kama mgeni. Bunduki akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba, pale tunapoweka ufagio, akarudi uani na kuketi karibu na jiko bila kuvua viatu. Nikamtilia wali na mchuzi wa nguru. Vidole vyake vilinuka mafuta ya bunduki.

“Watoto hawajambo?”

“Hawajambo. Mkubwa kila usiku yuko dirishani anakungoja. Wewe na mjomba wake.”

Akatafuna, akameza. “Mke wangu, shilingi mia na tano kwa mwezi. Wewe ndiye unayezihesabu. Tumepata uhuru, tumekuwa jamhuri, na kila asubuhi nampigia saluti Mwingereza yuleyule. Tulitaka maofisa wetu wenyewe na mshahara wa mia mbili na sitini. Hatukutaka kingine.”

Nayajua hayo. Nimeyalia pamoja naye. Lakini Jumatatu ile nilikuwa Kariakoo, nikamweleza nilichokiona: duka la Mwarabu anayenikopesha unga tangu nimzae mkubwa, mlango umeng'olewa, mizani imepinda chini, daftari la madeni limekanyagwa katikati ya unga uliomwagika. Jina langu limo katika daftari lile. Watu waliruka juu yake na majora ya nguo begani.

“Sisi hatukuiba,” akasema.

“Mliwafungulia mlango. Polisi mia tatu wako Unguja tangu mapinduzi ya juzi. Mjini walibaki nani, kama si nyinyi?”

Akanyamaza. Kisha akanisimulia jinsi Bwana Kambona alivyofika kambini, waziri mzima, wakamzingira na bunduki mkononi huku akiwasihi wazungumze. Maofisa wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Askari wakashangilia. Kesho yake Tabora nao wakaasi, na juzi tukasikia Jinja, kule Uganda.

“Basi mmepata. Mbona umekuja unanyata?”

“Kwa sababu hakuna anayejua nani anamwamuru nani. Kuruta anamfokea sajini. Na usiku wanakuja raia nisiowajua, wananong'ona.”

Hodi ikapigwa uani. Alikuwa babu mvuvi, jirani yetu, kanzu imelowa hadi magotini, tenga lake tupu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekatisha uvuvi. Huko nje kuna meli imezima taa. Kubwa, na juu imelala tambarare kama uwanja wa mpira.”

Mume wangu akaweka tonge chini. Babu alipokwisha kwenda zake, akasema kwa sauti ndogo sana, “Hiyo ni meli ya kubeba ndege. Mwalimu amewaita Waingereza.”

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamfikiria mtu aliyezunguka nchi hii, kijiji kwa kijiji, akiwaambia watu kwamba mkoloni ataondoka; nikamfikiria mtu huyohuyo akilazimika kumwomba aliyeondoka arudi na bunduki. Kwa sababu nchi ina batalioni mbili tu, na zote mbili zimemgeuka. Amwite nani? Hasira yangu yote ikarudi kwa huyu niliyemtilia wali.

“Kambini wanajua?”

“Wamelala.”

“Na langoni? Nani yuko zamu langoni?”

Akatazama bakuli. Nikamuuliza tena.

“Ilikuwa zamu yangu,” akasema. “Shemeji amenishikia. Alisema, nenda kale daku na dada.”

Mdogo wangu. Ana miaka kumi na tisa. Alijiunga na jeshi kwa kuwa alimwona mume wangu amevaa sare siku ya harusi yetu.

Mashariki kulikuwa kumeanza kupambazuka. Tukasikia mshindo mmoja kutoka baharini, uliotikisa vikombe kwenye kabati, kisha wa pili. Nyuma yake ukaja mvumo ambao sijapata kuusikia, kama vinu vingi vinatwangwa angani, ukapita juu ya minazi kuelekea Colito.

Mume wangu aliruka akakimbilia chumbani. Nikamfuata, kanga inaburuta, nikimwita asiende, nikimwita aende.

Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono bado umenyooshwa. Pale ukutani palikuwa na ufagio peke yake.

“Umeificha wapi?”

“Sijaigusa. Wallahi sijaigusa.”

Tukageuka pamoja. Mtoto mdogo amelala, kidole mdomoni. Mkeka wa mkubwa ulikuwa mtupu, dirisha liko wazi, na kwenye mchanga wa nje, nyayo ndogo za miguu mitupu zilielekea barabara ya Bagamoyo.

ITAENDELEA WIKI IJAYO