Ingizo, Tokeo na Tundu: Kuzisoma Namba za Saundikadi

Anayetaka kurekodi muziki nyumbani Chepseon, Kericho, hahangaiki sana kupata maiki, na kompyuta anaweza kuazima. Anapokwama ni kwenye kisanduku kinachokaa kati ya viwili hivyo, kile kinachogeuza sauti ya maiki kuwa tarakimu za kompyuta na kuzirudisha tarakimu hizo kuwa sauti ya spika. Wataalamu wa istilahi wanatupa neno kiolesura, lakini tumelizoea kwa skrini za simu, na kisanduku hiki mara nyingi hakina skrini ya kutazamwa. Mafundi wa studio wanasema saundikadi. Nami nitasema hivyo.

Saundikadi huuzwa kwa namba mbili: 2 kwa 2, 4 kwa 4, 18 kwa 20. Ya kwanza ni ya ingizo, ya pili ya tokeo. Zipo kamusi zinazotaja pia pembejeo badala ya ingizo, ila katika nchi ya chai hilo halifai kabisa: mtajie mkulima wa Kericho pembejeo, naye atakuuliza mbolea imefika lini. Tokeo lina kasoro yake, maana wingi wake unakumbusha mtihani wa KCSE. Hata hivyo nalipendelea kwa kuwa limezaliwa na kitenzi kutoka, na hicho ndicho sauti inachofanya pale.

Kuingia na kutoka huku huhesabiwa kutoka upande wa kifaa chenyewe. Kinanda kina tokeo lake. Waya ukifika kwenye saundikadi, sauti ileile inapita kwenye ingizo. Kwa hiyo kila waya wa sauti huanzia kwenye tokeo la kifaa kimoja na kuishia kwenye ingizo la kingine. Ukikuta spika zimechomekwa kwenye matundu ya ingizo, usitafute ubovu mahali pengine.

Hapa ndipo Kiswahili kinaweza kutusaidia, tukikubali kutenganisha maneno mawili. Tundu ni mahali pa kuchomeka waya. Ingizo ni njia moja ya sauti inayofika kwenye kompyuta ikiwa peke yake, unayoweza kuipandisha au kuifuta bila kugusa nyingine. Namba za kwenye boksi huhesabu njia, hazihesabu matundu. Chukua Scarlett 18i20 ya kampuni ya Focusrite ya Uingereza. Ukitafuta matundu 18 ya maiki hutayapata, yapo manane. Njia nyingine nane hupita zote kwenye waya mmoja wa mwanga, ule wa ADAT, na mbili kwenye waya wa S/PDIF. Asiye na kifaa cha kuchomeka huko amelipia njia kumi ambazo hatazitumia. Kwa upande mwingine, Scarlett 2i2 ina tundu la hedifoni ambalo halimo kwenye hesabu, kwa sababu linarudia tu kinachotoka kwenye tokeo la kwanza na la pili. Na lile tundu la pamoja, linalopokea plagi ya XLR na ya jeki, ni ingizo moja tu.

Matundu hayalingani pia kwa nguvu ya sauti yanayoitarajia. Maiki hutoa umeme mdogo mno, unaohitaji kukuzwa mara mamia kwa kitufe cha geini; maiki za kondensa hudai pia volti 48 zinazopandishwa kupitia waya huohuo. Gita la umeme lina nguvu zaidi, lakini linataka ingizo lenye ukinzani mkubwa, kama ohmu milioni moja, la sivyo sauti yake hufifia na kukosa makali. Kinanda na miksa hutoa sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukiviingiza kwa geini ya maiki, taa huwaka nyekundu na sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo hakuna programu itakayouondoa vizuri.

Je, kwaya ya kanisa inahitaji maingizo mangapi? Mara nyingi mawili, ikijipanga vizuri mbele ya maiki mbili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba “Chemirocha”, wimbo uliobeba jina la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, kwa mlio wa kinubi cha chepkong'o. Rekodi ile ni ya njia moja, na hadi leo unasikia waimbaji na nyuzi kila kimoja mahali pake. Kilichofanya kazi ni umbali kati ya maiki na waimbaji. Mimi ningeweka fedha kwenye maiki ya pili nzuri na mablanketi ya ukutani kabla ya kufikiria maingizo manane. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, maingizo yote manane yatailetea kompyuta mvua ileile.

Anayeimba huku akijisikiliza kwenye hedifoni atagundua jambo jingine: sauti yake inachelewa. Imeingia kwenye ingizo, ikasubiri kwenye kompyuta, ndipo ikatoka kwenye tokeo. Programu ikikusanya sampuli 256 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kusubiri huko peke yake ni zaidi ya milisekunde 5 kwa kuingia tu, na kompyuta kuukuu hulazimisha sampuli nyingi zaidi. Saundikadi nyingi zina kitufe kinachoipeleka sauti ya ingizo moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Kiwashe wakati wa kurekodi, kisha unyamazishe njia hiyohiyo ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili.