Krautrock: jina walilobandikwa wanamuziki wa Ujerumani

Mwaka 1973 bendi ya Kijerumani ya Faust ilitoa albamu yake ya nne kupitia lebo ya Virgin ya Uingereza. Wimbo wa kwanza ni mvumo mzito unaokaribia dakika 12, nao wakaupa jina "Krautrock". Waandishi wa muziki wa Uingereza walikuwa wameanza kuziita hivyo bendi za Ujerumani Magharibi, na Faust wakaamua kuwarudishia neno lao.

Halikuwa neno zuri. "Kraut", kutokana na kabichi ya kuchachusha ambayo Wajerumani huila sana, lilikuwa tusi la askari wa Uingereza na Marekani kwa adui yao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Irmin Schmidt wa bendi ya Can alizaliwa mwaka 1937, Klaus Dinger, mpiga dramu wa bendi ya Neu!, mwaka 1946. Kizazi hicho kilikuwa kikitafuta muziki usio na harufu ya Unazi na usioiga Waingereza wala Wamarekani. Kisha kazi yao ikavuka bahari na kupokewa kwa tusi lilelile walilotukanwa baba zao.

Isitoshe, jina hilo liliwafunga pamoja watu wasiofanana. Huko Cologne, Schmidt na mwenzake wa Can, Holger Czukay, walikuwa wanafunzi wa mtunzi Karlheinz Stockhausen, na mpiga dramu wao, Jaki Liebezeit, alitoka kwenye jazi. Mwimbaji wao wa kwanza, Malcolm Mooney, alikuwa Mmarekani. Aliyemfuata, Damo Suzuki, alikuwa Mjapani waliyemkuta akiimba mtaani Munich mwaka 1970, wakampandisha jukwaani usiku uleule. Kraftwerk wa Düsseldorf waliegemea mashine. Tangerine Dream wa Berlin Magharibi waliachana na mapigo karibu kabisa. Ni mtindo gani mmoja unaobeba yote haya?

Baadhi yao walijaribu kujipa jina. Tangerine Dream walitumia "kosmische Musik", muziki wa anga za juu, kwenye albamu ya Alpha Centauri ya mwaka 1971. Lakini mfanyabiashara wa santuri Rolf-Ulrich Kaiser akaligeuza kuwa chapa ya kuuzia, na muda si mrefu wanamuziki, Edgar Froese na Klaus Schulze miongoni mwao, wakamhama.

Hata mapigo ya Dinger, yale yanayosonga mbele bila kukata kona, yalipewa jina na wengine: "motorik". Dinger hakulipenda. Neno hilo linanukia injini, naye alishikilia kwamba alichopiga ni cha kibinadamu. Ukisikiliza "Hallogallo" ya mwaka 1972 utamwelewa: mkono unachoka kidogo, unajikaza, unaendelea. Mashine haifanyi hivyo.

Kwa mashabiki, hata hivyo, jina lilibadilika rangi. Mwaka 1995 mwanamuziki wa Uingereza Julian Cope alichapisha kitabu chake, Krautrocksampler, kilichojaa mapenzi kwa bendi hizi, na vijana wakaanza kusaka santuri ambazo wengi walikuwa wamezisahau. Siwezi kulibeza jambo hilo. Jina lilikuwa mlango, na wengi waliingia. Ninachokataa ni kuuweka muziki huu kama tawi tu la roki ya progresivu, kando ya bendi za Yes na Genesis. Waingereza wale walirundika kodi na sehemu nyingi katika wimbo mmoja, Neu! walitulia kwenye kodi moja hadi ikafunguka.

Si kila jina lilitoka nje. Nchini Ufaransa, Christian Vander aliunda bendi ya Magma mwaka 1969, akabuni lugha ya Kikobaïa na ndani yake neno "zeuhl" kwa muziki wake. Leo baadhi ya bendi za Japani huitwa kwa neno hilo bila ugomvi. Jina la Rock in Opposition lilipita njia tofauti. Machi 1978, bendi ya Uingereza ya Henry Cow ilizikutanisha London kwa jina hilo bendi tano za nchi tano, yenyewe ikiwemo, zilizounganishwa na kukataliwa na kampuni za santuri, wala si na sauti zao. Mashabiki wakaligeuza kuwa jina la mtindo, na siku hizi mtu anaweza kulitafuta dukani bila kujua kwamba lilikuwa tamko la kudai haki.