Matawi ya Muziki wa Metali

Katika mwaka wa 1965, kijana mmoja wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Tony Iommi, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Umri wake ulikuwa miaka 17, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kwake kiwandani, kwa kuwa alikwisha azimia kujipatia riziki kwa gitaa. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Nao ndio mkono aliobania nyuzi, maana alikuwa mashoto.

Mwingine angaliliweka gitaa darini akalisahau. Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vikofia vya kuvika vidole vyake, akatia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Uzi uliolegezwa hutoa sauti ya chini kuliko uliokazwa. Jambo hili kila apigaye zeze analijua. Basi ile sauti nzito iitwayo hevi metali ilitokana kwa sehemu kubwa na haja ya mkono uliojeruhiwa. Tarehe 13 Februari 1970 Iommi na wenzake watatu, walioitwa Black Sabbath, walitoa santuri yao ya kwanza.

Husemwa kwamba muziki huu ni kelele tupu, na kelele zote ni moja. Sivyo. Msikilizaji hupambanua aina zake kwa mwendo wa ngoma, uzito wa gitaa, na jinsi mwimbaji atumiavyo koo lake. Aina ya duumu ilishika mwendo wa pole wa Black Sabbath, kama wa watu wasindikizao jeneza. Candlemass wa Sweden ni mabingwa wake. Vijana wa California, kinyume chake, waliuona mwendo huo kuwa wa kobe. Walichanganya metali na mbio za muziki wa panki, wakazaa aina ya thrashi. Metallica na Slayer walitoa santuri zao za kwanza katika mwaka mmoja, 1983. Hapa mpiga gitaa huzigusa nyuzi kwa kiganja ili sauti ikatike katike, na nyimbo hunena juu ya vita na dhuluma.

Huko Florida mambo yalizidi. Kundi la Death lilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1987, na dethi metali ikajulikana: gitaa la chini zaidi, ngoma kama mvua ya mawe, na mwimbaji anayenguruma. Hata Mwingereza aghalabu hayafahamu maneno mpaka ayasome juu ya jalada.

Blaki metali ilipata jina lake kutoka santuri ya Venom wa Uingereza, ya mwaka 1982, lakini ilikomaa Norway miaka kumi baadaye. Sauti yake ni kali na nyembamba, nayo hurekodiwa vibaya kwa makusudi. Baadhi ya wapigaji wake walichoma makanisa, na mmoja aliua mwenzake mwaka 1993, mahakama ikawahukumu. Kanisa la mbao la Fantoft, la karne ya 12, liliteketea Juni 1992. Wapo wanaosimulia habari hizi kana kwamba moto uliupa muziki ule utukufu. Mimi sikubali: nyimbo zile zingalisikika vile vile hata kama kanisa lingalisimama.

Nairobi nako kuna tawi. Mwaka 2020 vijana wawili wajiitao Duma walitoa santuri yao kwa kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wakichanganya makelele ya metali na midundo ya mashine. Jina lao walilitoa katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Lakini Mswahili aonaye mnyama mwenye mbio hakukosea sana.

Tarehe 5 Julai 2025 wazee wanne wa Black Sabbath walikutana katika uwanja wa Villa Park, mtaani kwao Birmingham. Metallica, Slayer na wengine wengi walitangulia kupiga mbele yao. Ozzy Osbourne, mwimbaji, aliimba akiwa ameketi kwa sababu ya maradhi. Tarehe 22 ya mwezi ule ule akafariki dunia.