Mabomu 335 kwenye ramani ya Mjerumani

Juni 1955, wiki chache tu baada ya Ujerumani Magharibi kuingia NATO, majeshi ya anga ya jumuiya hiyo yalifanya zoezi lililoitwa Carte Blanche. Mabomu ya atomiki 335 "yaliangushwa", yote ya kwenye karatasi, na mengi yakaangukia ardhi ya Wajerumani. Waliopiga hesabu walipata maiti milioni 1.7 na majeruhi milioni 3.5. Habari zikavuja magazetini. Mwanachama mgeni akagundua kwamba walinzi wake wamepanga kupigana vita sebuleni kwake.

Tangu hapo Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, iliishi na hofu mbili zisizopatana. Ya kwanza, kwamba vita ikizuka Marekani itasita kuiweka New York rehani kwa ajili ya Hamburg. Ya pili, kwamba haitasita, ila moto wote itauwashia Ujerumani. Hofu moja iliwafanya waombe silaha, nyingine iliwafanya wazikatae.

Kansela Konrad Adenauer alijaribu kulipunguza jambo. Mwaka 1957 alisema silaha ndogo za atomiki ni mizinga tu iliyoboreshwa. Wanasayansi 18, akiwemo Otto Hahn, mgunduzi wa mpasuko wa kiini cha atomu, walimjibu hadharani kwamba moja tu ya hizo "ndogo" inaweza kufanya yaliyofanyika Hiroshima. Mwaka huohuo Norway, iliyopakana na Wasovieti, iliwaambia wenzake wa NATO mjini Paris kwamba haitahifadhi mabomu hayo nchini mwake. Norway iliweza kusema hivyo. Bonn, iliyokuwa na majeshi ya Kisovieti mlangoni, haikuthubutu.

Mwaka 1977 Kansela Helmut Schmidt alilalamika mjini London kwamba wakubwa wawili, Marekani na Wasovieti, wanapatana juu ya makombora yanayofika kwao, huku Ulaya ikiachwa wazi. Wakamsikia kupita alivyotaka. Desemba 1979 NATO iliamua kuleta Ulaya makombora 572 ya nyuklia ya Marekani iwapo mazungumzo na Moscow yangeshindikana, na yale ya aina ya Pershing II, yote 108, yalipangiwa Ujerumani Magharibi. Oktoba 1981 watu wapatao 300,000 waliandamana Bonn, na chama cha Schmidt mwenyewe kikamgeuka. Bunge lilipitisha makombora Novemba 1983, na mkataba wa 1987 kati ya Washington na Moscow ukayafuta.

Ndipo likaja suala la Lance, kombora la nyuklia la masafa mafupi. Masafa yake yalikuwa kama kilomita 120: likirushwa kutoka Magharibi, lingewaangukia Wajerumani wa Mashariki. Mwaka 1989 Washington ilipotaka kuliboresha, hata wahafidhina wa Kansela Helmut Kohl, waliotetea Pershing kwa nguvu zote, walikataa. Nadhani hapo ndipo Wajerumani walipozungumza kwa sauti moja kwa mara ya kwanza. Rais George Bush aliufuta mpango huo Mei 1990. Miezi mitano baadaye, tarehe 3 Oktoba, shabaha za Lance zikawa ardhi ya Ujerumani moja, ndani ya NATO.