Waokoaji na Hewa Mbaya

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jinsi watu walivyojifunza, kwa hasara kubwa, ya kuwa mwokoaji asiyetazama kwanza aweza kuwa maiti wa pili.

Mwezi wa Desemba, 1866, mgodi wa makaa ya mawe wa Oaks, karibu na mji wa Barnsley katika Uingereza, ulilipuka. Waokoaji wakashuka upesi kuwatafuta wenzao. Siku ya pili ukatokea mlipuko mwingine, ukawaua waokoaji 27. Ushujaa hawakuupungukiwa, walichokosa ni njia ya kujua kama mahali pale pamekwisha kuwa salama.

Baada ya miaka 29 hivi, tarehe 27 Januari, 1896, watu 57 walikufa katika mgodi wa Tylorstown, kusini ya Wales. Mtaalamu mmoja, Bwana John Scott Haldane, alizichunguza maiti. Akaona ya kuwa walio wengi hawakuuawa na kishindo cha mlipuko, bali na hewa ya sumu iliyobaki nyuma yake. Hewa hiyo huitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Hushika katika damu mahali pa oksijeni, hata mtu akalegea miguu pasipo kujua sababu. Haldane aliijua vizuri, kwani mwaka 1895 alikuwa ameivuta yeye mwenyewe, akiandika dalili zake.

Basi hapo ndipo tuonapo hatari ya waokoaji wa kale. Wao waliitegemea taa. Ni kweli kwamba taa hufifia oksijeni inapopungua. Lakini kaboni monoksidi kidogo, iliyo ya kutosha kuua mtu, haiizimi taa. Mtu aweza kuanguka na taa yake ingali ikiwaka kando yake.

Haldane akashauri wachukue mnyama mdogo, kama panya au ndege, kwa maana sumu humpata upesi kuliko mtu. Katika migodi ya Uingereza ndege waitwao kanari wakawa walinzi tangu mwaka 1911. Ndege akiyumba kitini pake, waokoaji walirudi nyuma pasipo kubishana. Mwaka 1986 ikatangazwa kuwa vyombo vya kupimia hewa vitashika kazi yao.

Wakati huo huo kazi ya kuokoa ikawa kazi ya kufundishwa. Mwaka 1902 kituo cha kwanza cha waokoaji wa migodi katika Uingereza kilianzishwa Tankersley, si mbali na Barnsley penye msiba ule. Huko watu walijizoeza kuvaa vyombo vya kuvutia hewa, kabla ya siku ya ajali.

Labda msomaji atasema, "Kwetu hakuna mgodi." Lakini kisima kirefu, shimo la choo na ghala ya nafaka iliyofungwa huweza kuwa na hewa mbaya vile vile. Mtu huanguka kisimani, ndugu yake hushuka kumtoa, naye huanguka. Wa tatu akiwafuata, nyumba moja hupata misiba mitatu.

Kwa hiyo yatupasa kushika desturi ya waokoaji waliofundishwa. Kwanza simama, utazame. Ita watu, na umtume mmoja kwa mbio kuwaleta wenye vyombo. Usishuke, wala usiuamini mshumaa uwakao, kwa sababu tulizokwisha kueleza. Mtupie kamba aliye chini. Akiweza kuishika, mvuteni mkiwa juu.

Kumwona ndugu yako shimoni nawe usiruke ni jambo gumu kupita yote. Lakini aliye chini hahitaji mwenzi wa kufa naye. Ahitaji mtu aliye hai, juu, mwenye kamba mkononi.