Saa Hazisemi Yote

Rubani anayetafuta kazi huulizwa swali moja kabla ya mengine: una saa ngapi? Si saa za darasani, ni saa za angani. Kijana anayesomea urubani pale Wilson, Nairobi, anajua kwamba leseni ya kibiashara inataka kama saa 200, na kwamba waajiri wengi watamwambia hizo bado ni chache. Ukisikiliza mazungumzo hayo utadhani saa ni mizani isiyompendelea mtu. Mimi nikisoma historia ya shirika moja la Marekani, Continental, naona vingine.

Mwaka 1957 Marlon Green, kapteni wa Jeshi la Anga la Marekani, aliliacha jeshi akatafuta kazi ya kurusha abiria. Jeshini ndiko marubani wengi wa mashirika walikotoka, na yeye alikuwa na zaidi ya saa 3,000. Lakini mashirika makubwa ya abiria hayakuwa na rubani hata mmoja Mweusi. Kwenye fomu ya Continental, Green aliacha wazi pale pa kujaza rangi, wala hakubandika picha. Akaitwa Denver kwa majaribio. Wazungu wenye saa chache kuliko zake wakachukuliwa, yeye akaachwa.

Akashtaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 22 Aprili 1963 majaji wote waliamua kwamba sheria ya Colorado dhidi ya ubaguzi ililihusu shirika hilo pia. Alianza kazi mwaka 1965. Saa zake zilimngojea miaka minane.

Sasa tuje 12 Februari 2009. Ndege yenye jina la Continental, ikiendeshwa na shirika dogo la Colgan Air, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege ilipotoa onyo kwamba mwendo umepungua mno, kapteni alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Naye, kumbe, alikuwa na zaidi ya saa 3,000. Lakini alikuwa amefeli majaribio kadhaa, na baadhi yake hakuyataja kwenye fomu ya kuomba kazi.

Familia za waliokufa zikadai sheria, na mwaka 2010 ikapitishwa. Tangu 2013 hata rubani msaidizi anahitaji saa 1,500. Aliyetoka jeshini 750, mwenye digrii ya urubani 1,000. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa Buffalo walikuwa wameshapita 1,500. Sheria hiyohiyo ilitaka pia rekodi za mafunzo, kufeli kukiwemo, ziwekwe mahali waajiri watakapoziona. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, lakini watu wanakumbuka zile saa tu.

Sisemi saa ni bure. Nani atapanda ndege ya mtu asiyezoea mawingu? Ila saa zinahesabika kirahisi, na kinachohesabika kirahisi hutupa kisingizio cha kutouliza zaidi. Kwa Green hazikutosha kufungua mlango. Kwa mwingine zilitosha kuficha.

Mwaka huohuo wa 2010, Continental iliipa Boeing 737 jina la Marlon Green. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.